Pengo Kati ya Miji Miwili

Mama mdogo wangu alimchukia baba yangu tangu akiwa msichana wa shule, na alimchukia kwa utulivu, bila haraka na bila kupumzika. Hakuwahi kumtukana wala kumnyima salamu. Kila Jumapili alikuja nyumbani kwetu, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo, shemeji," na baba akaitikia, "Marahaba," bila kuinua macho gazetini. Sisi watoto tulidhani wanaheshimiana kupita kiasi. Kumbe mmoja wao alikuwa anasubiri zamu yake.

Ninayosimulia hapa mengi nilielezwa na mama mdogo mwenyewe na mama. Mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Miji yetu ni miwili na imebanana. Mmoja uko kilimani, mwingine umejilaza chini yake, na katikati kuna korongo la mawe, kavu mpaka mvua inyeshe. Tunaiita Mji wa Juu na Mji wa Chini, basi. Mgeni akivuka korongo hajui kama amebadilisha mji. Ataona tu mapipa ya taka yamebadilika rangi, kutoka kijani kwenda bluu. Lakini kila mji una meya wake, maji yake na mihuri yake, na husemana kama wapangaji wawili wanaotumia choo kimoja.

Bibi, mama yao, alikuwa fundi cherehani. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa korongo, upande wa Mji wa Juu, vyumba viwili na baraza alipoweka cherehani ili aone wateja wakija. Babu alikufa mapema, naye akawalea mabinti wawili kwa sindano: mama yangu, na nyuma yake kwa miaka mingi, mama mdogo, aliyezaliwa wakati majirani wameshaacha kumtarajia. Mama aliolewa na baba, kijana mtanashati wa idara ya ardhi ya Mji wa Chini, kalamu zimejipanga mfukoni mwa shati.

Mimi nilizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo mama alilala hospitali siku kadhaa, na mama mdogo akaja kumpikia baba na kumfulia. Siku hizohizo Mji wa Chini ulikuwa unatafuta uwanja wa kuegesha malori yake. Mpaka wa miji hiyo ulikuwa haueleweki. Kila mji ulikuwa na karatasi yake, na karatasi hazikukubaliana, na baba ndiye aliyepewa kazi ya kuuchora upya. Alimleta mwenzake wa ofisini nyumbani, wakatandaza ramani juu ya meza ya chakula. Mama mdogo akaagizwa chai.

"Ukipitisha mstari hapa nyuma ya maghala," yule mwenzake alisema, "utakosana na mwenye maghala. Yule anakula meza moja na meya."

"Na huku?"

"Huku ni vijumba vya watu tu. Lakini si ndipo anapokaa mama mkwe wako?"

Baba alizungusha kalamu vidoleni. "Pitisha hapo hapo," akasema. "Mama mkwe hatapiga kelele."

Yule mwenzake alicheka kidogo, kama mtu asiyejua kama ameambiwa mzaha. Mama mdogo aliweka vikombe mezani, akakoroga sukari, akarudi jikoni. Baba hakumtazama. Angeulizwa jioni ileile nani alimletea chai, nadhani angeguna tu.

Mama mdogo alipata upenyo wa kutoka, akakimbia mpaka kwa bibi na kumweleza neno kwa neno. Bibi hakusimamisha cherehani mpaka alipomaliza mshono aliokuwa nao.

"Dada yako anajua?"

"Bado yuko hospitali."

"Basi asijue. Ana kidonda tumboni na kitoto kichanga mkononi. Akijua itabidi aondoke kwa mumewe, na akiondoka atakwenda wapi? Aje hapa? Hapa napo ndiyo hivyo tena." Akamshika mkono. "Niahidi."

Akaahidi.

Watu wenye karatasi walikuja baadaye. Nyumba iliyojengwa Mji wa Juu ilikuwa imehamia Mji wa Chini bila kusogea. Bibi alichukua hati yake ya kiwanja akaanza kuzunguka. Mji wa Juu walimwambia eneo lile si letu tena. Mji wa Chini walifungua makabati, wakafunga, wakamwambia, "Mama, kwetu huna kumbukumbu." Na mtu asiye na kumbukumbu ni mvamizi. Tingatinga lilimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

Kwa mama, baba alisema amri imetoka juu na mikono yake imefungwa. Akamchukua bibi, akampa chumba cha uani kati ya stoo na bafu. Wageni walimsifu. "Si wanaume wengi wangefanya hivyo," walisema, na baba akainamisha kichwa kama anaona haya. Bibi alimshonea suruali zake mpaka alipofariki mlemle chumbani. Siku ya mazishi baba alitoa hotuba. Alimwita mama yake wa pili, na sauti ikamkatika mahali panapotakiwa.

"Mpaka siku ile nilikuwa na hasira tu," mama mdogo aliniambia. "Alipotoa leso akajifuta macho makavu, ndipo nilipoamua."

Hakuamua nini hasa. Aliamua tu kwamba itakuja siku. Alikwenda chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani. Wenzake walidhani anapenda ramani. Alianza kwa kalamu na wino, akahamia kwenye kompyuta zilipoingia, na akapata kazi katika kampuni ndogo iliyokuwa na chumba kimoja juu ya duka la rangi na misumari. Mwenye kampuni aliitwa Mhandisi na kila mtu, ingawa uhandisi wenyewe aliuacha njiani.

Pale ndipo alipochora ramani iliyompa jina. Haikuwa ya kutundika ukutani. Ilikuwa faili. Ukiifungua unaiona miji yote miwili na kata zake zote, na kila kitu ndani yake kinajitegemea: barabara unaishika peke yake, nyumba peke yake, jina peke yake. Unasogeza, unabadilisha rangi, unafuta, unaandika upya, na jirani yake hatikisiki. Vimepangwa kwa matabaka, chini kabisa ardhi na korongo, kisha barabara, kisha mipaka ya kata, juu kabisa majina. Alizunguka mitaa kwa miguu ili aipate sawasawa. Alibwekewa na mbwa, alikaribishwa maji, aliwahi kuamua ugomvi wa watu wa mtaa mmoja waliokuwa na majina mawili na kila upande ukitaka lake liandikwe kubwa. Akaandika yote mawili, madogo, wakamnunia wote.

Watu walinunua ile ramani. Kampuni za taka ziliitia kwenye vifaa vya magari yao, watu wa maji wakaichukua, wa taa za barabarani wakaichukua, waleta vifurushi wakaichukua. Mwishowe halmashauri mbili zilizokuwa hazisalimiani zilichoka kugombania karatasi za zamani, zikakubaliana kuwa na ramani moja ya pamoja. Kazi ikapewa kampuni ya Mhandisi, na Mhandisi akampa mama mdogo.

Wakati huo baba alikuwa amestaafu. Alimaliza kazi akiwa mkurugenzi, na jina hilo alirudi nalo nyumbani. Hata mama alimwita Mkurugenzi mbele ya wageni. Alijenga ghorofa ukingoni mwa korongo, upande wa Mji wa Chini, mahali penye upepo. Alipanda maua. Kila asubuhi alisimama rosheni akiwa na kikombe chake na kuiangalia miji yote miwili kama mtu aliyeipika mwenyewe.

Mama mdogo aliniambia kwamba aliifanya kazi ya mpaka kwa uaminifu kutoka mwanzo wa korongo, mtaa baada ya mtaa, hakumwonea mtu hata kwa upana wa mlango. Alipofika kwenye ile ghorofa ilikuwa mchana, Mhandisi ametoka kwenda benki. Alishika mstari wa kata ya Mji wa Juu akausimamisha ukingoni mwa korongo. Akashika mstari wa kata ya Mji wa Chini, akauvuta nyuma mpaka upande wa pili wa uzio wa baba. Kati ya mistari miwili pakabaki weupe, pana kiasi cha kiwanja kimoja. Akahifadhi faili, akaenda kunawa mikono, akala chakula chake.

Wakaguzi walikuja. Wa Mji wa Juu alikagua vilivyo vya Mji wa Juu, akaridhika, akatia sahihi. Wa Mji wa Chini vivyo hivyo. Hakuna aliyeajiriwa kukagua kisicho chake.

Kwanza gari la taka likaacha kuja. Lile la bluu lilifika kwa jirani, likageuza. Baba alilikimbilia na ndala.

"We kijana! Mbona unaniruka?"

"Mzee, kifaa kinaniambia barabara yangu imeishia hapa."

"Kwani mimi hunioni?"

"Nakuona, mzee. Kifaa ndicho hakikuoni."

Lile la kijani la Mji wa Juu nalo halikuvuka korongo. Mifuko ikajaa uani, paka wakafanya sherehe. Kisha bomba likapasuka mbele ya geti. Mji wa Chini wakasema nyumba hiyo haimo kwao, ajaribu wenzao. Mji wa Juu wakasema bomba linatoka Mji wa Chini, arudi alikotoka. Maji yakachuruzika wiki baada ya wiki, bustani ikawa tope, maua yakaoza mizizi, na ndani ya nyumba bombani hakutoki hata tone. Taa ya barabarani ikazimika, hakuna aliyeijia. Vifurushi vilirudishwa vilikotoka. Baba alipigwa danadana kati ya ofisi mbili, folda kwapani, akikaa kwenye mabenchi aliyoyaagiza mwenyewe enzi zake.

Na kila Jumapili mama mdogo alikuja kula. Hapo ndipo mtu angemwona ana roho gani. Alikuja na teksi, buti limejaa madumu ya maji kwa ajili ya dada yake, maana kwa mama dhamiri ilimsuta, lakini haikumzuia. Anamimina maji kwenye mapipa, anapeleka mifuko ya taka kwenye teksi, ananawa, anakaa mezani mkabala na baba, na kumsikiliza.

"Pole sana, shemeji. Na Mji wa Juu umejaribu?"

"Nimejaribu! Wananirudisha chini."

"Lo! Na chini?"

"Chini ndiko kabisa. Kuna kabinti pale mapokezi hata hakanijui. Mimi! Ofisi nimeijenga mimi. Kananiangalia usoni kananiambia sina kumbukumbu."

Mama mdogo aliweka kijiko chini. "Samahani, shemeji, sikusikia vizuri. Kanakwambiaje?"

"Kwamba sina kumbukumbu!"

"Kwamba nini?"

"Sina kumbukumbu, sina kumbukumbu! Mzee, kwetu huna kumbukumbu!" Baba alipiga meza. Mama akamwambia ashushe sauti, majirani.

"Makubwa," mama mdogo alisema, akaomba aongezewe chakula. Aliniapia kwamba hajawahi kula chakula kitamu kama cha siku ile.

Baba si mjinga. Alipoona kusema hakufui dafu, aliacha kulalamika akaanza kuuliza maswali, na siku moja karani mmoja wa zamani, aliyekuwa bado anamwogopa kwa mazoea, alimgeuzia kioo cha kompyuta. Baba akaiona nyumba yake ikielea kwenye weupe. Pembeni chini kulikuwa na jina la kampuni.

Akazipanda ngazi za juu ya duka la rangi, akafika akihema. Mama mdogo alikuwa peke yake.

"Kumbe ni nyinyi," baba alisema. Alikuwa amefurahi, alidhani amefika kwa mtu wake. "Shemeji, ramani yenu ina kosa. Kata mbili hazikugusana, na katikati ndipo nilipo mimi."

"Kaa, shemeji, upumzike."

"Sikuja kukaa. Rekebisha tu niende. Nimeambiwa ni kitu cha kubonyeza."

"Ni kweli. Ni cha kubonyeza."

"Basi bonyeza."

Mama mdogo hakugusa kitu. "Si kosa," alisema. "Nimechora mwenyewe. Kando ya lile korongo kuna watu wengi, wengine wana marafiki wakubwa. Nilipofika kwako nikasema, nipitishe hapo hapo. Mkurugenzi hatapiga kelele."

Baba alimtazama bila kuelewa. Na hili, katika yote, ndilo lililomuuma mama mdogo kuliko yote: hakukumbuka. "Nilimwona anatafuta kichwani kama mtu anayepapasa funguo mifukoni," aliniambia. "Mimi neno lile nimelala nalo, nimeamka nalo. Yeye alilitupa kama ganda." Ikabidi amkumbushe. Meza ya chakula, yule mwenzake, maghala, chai.

Baba akakaa bila kukaribishwa tena. Akasema, "Ile ilikuwa kazi, shemeji."

"Na hii ni kazi, shemeji."

"Nitakushtaki."

"Nishtaki. Katika mji upi?"

Baba alirudi nyumbani uso umemsawajika, akamwambia mama kwamba mdogo wake ameingiwa na wazimu, aende akamtulize. Mama alikwenda. Mama mdogo aliishi Mji wa Juu, nyumba ya kupanga yenye kibaraza na miche ya nyanya kwenye makopo. Mama hakukaa.

"Mdogo wangu, baba wa watoto anasema nyumba yetu umeifuta wewe."

"Ni kweli, dada."

"Sisi tumekukosea nini? Mimi najipangusa kwa kitambaa kama mgonjwa, unaniletea madumu, unaniambia pole, kumbe ni wewe?"

Hapo mama mdogo aliivunja ahadi ya bibi. Alisema yote, na alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Alisema amri ilitoka juu," mama akasema.

"Alisema mbele yangu, dada. Nilikuwa nimeshika birika."

"Na mama alijua?"

"Alijua."

"Alijua, na akawa anamshonea suruali."

"Alisema usiambiwe, una kidonda na mtoto."

Mama alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Hakulia. Aliponisimulia alisema aliona aibu kabla ya hasira, aibu ya kupikia watu wote wale waliokuja kumsifu mumewe. Kisha hasira ikaja, na haikuwa ya mtu mmoja. "Miaka yote hiyo, wewe na mama, mmenigeuza mtoto mdogo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimemfulia mashati, na nyinyi mnanitazama."

"Hilo pengo lako," mama akauliza mwishowe, "linazibika?"

"Ni dakika moja tu."

"Usilizibe. Ngoja nimuulize mwenyewe."

Alimuuliza akiwa bado na mkoba begani. Je, mstari ule aliuchora mwenyewe, au aliamriwa? Baba alisema hayo ni mambo ya ofisi ya zamani, mama watoto, ya nini kuyafukua. Mama akauliza tena. Baba akasema amri zilitoka juu, na mdogo wako ana wivu kwa sababu hakuolewa. Mama akaitikia kwa kichwa, akanipigia simu nije na gari.

Nilimkuta getini, miguu imezama kwenye tope la lile bomba, na sanduku moja na cherehani ya bibi imefungwa kwa shuka. Baba alikuwa rosheni.

"Unakwenda wapi na mtoto?" aliita. Mtoto ni mimi, nina watoto wangu.

"Nakwenda Mji wa Juu," mama alijibu, bila hasira.

"Na nani atapika?"

"Uliza ofisi mojawapo."

Sijawahi kumsikia mama akisema kitu kama hicho. Ndani ya gari aliniamuru nifunge mkanda, kana kwamba ni siku yoyote. Alipoingia kwa mama mdogo alisema maneno mawili tu kuhusu ramani: "Liache wazi." Mama mdogo akaliacha.

Baba alibaki na ghorofa yake. Aliandika barua kwa meya wote wawili mpaka wakaunda kamati, na kamati ikaenda korongoni na vipimo. Pale wakagundua jambo jingine: ukuta wa mawe unaoshikilia ukingo chini ya nyumba ya baba ulikuwa umepasuka, na mji utakaokichukua kile kiwanja ndio utakaoujenga upya. Ghafla kila mji ukawa mkarimu. Mji wa Juu wakasema kwa haki ni cha wenzetu. Mji wa Chini wakasema hapana, ukitazama karatasi za zamani, ni chenu. Walibishana mpaka wakachoka, kisha wakaamua kukigawa katikati. Mstari mpya ukapita ndani ya nyumba. Sebule na ngazi ziko Mji wa Chini, jiko na chumba cha kulala Mji wa Juu. Taka za jikoni na taka za sebuleni zinatakiwa mapipa tofauti. Ukuta wa korongo kila mji unasubiri mwenzake aanze.

Pengo lilipojulikana, Mhandisi alifunga mlango, yeye na mama mdogo wakazungumza wawili.

"Niambie kidole kiliteleza," alimsihi. "Nitaandika kosa la kiufundi, yataisha."

"Hakikuteleza."

"Mwanamke wewe, sema kiliteleza!"

"Hakikuteleza, Mhandisi. Andika nilichora."

Hakutaka jambo alilolibeba tangu usichana liingie kwenye makaratasi kama bahati mbaya. Akafukuzwa kazi. Aliniambia hilo lilimuuma, maana ile ramani aliipenda kweli, na sasa mtu mwingine anaifungua kila asubuhi na kusogeza vitu ovyo. Siku hizi anachora nyumbani, ramani za shule na za matangazo ya viwanja, kompyuta upande mmoja wa meza na cherehani ya mama upande mwingine. Wanagombana kuhusu dirisha, mmoja anataka upepo, mwingine karatasi zake zinapeperuka.

Baba alikuja mara moja. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea mafuta ya kupikia. Alibisha getini, mama mdogo akaenda kuangalia.

"Naomba kumwona mke wangu."

"Subiri hapo, nimuulize."

Alirudi ndani, akakaa, akamalizia chai yake kikombe chote, taratibu, baba amesimama juani. Hata mimi nilinyanyuka, akanitazama nikakaa. Kisha ndipo akamwambia mama kuna mtu nje.

Mama alitoka na uzi shingoni. Hakufungua geti.

"Nilikuuliza swali," alisema.

Baba alikuwa amekonda. Shati halikupigwa pasi. Alishika nondo za geti na kuangalia chini.

"Niliuchora mwenyewe," akasema. "Hakuna aliyeniamuru. Wangekubali wowote."

"Asante," mama akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Baba alisubiri kidogo, akidhani labda kuna sehemu ya pili. Hapakuwa na sehemu ya pili. Nikachukua funguo, nikamrudisha kwake. Tukaenda mpaka tulipoliona korongo. Hapo akageukia dirisha.

"Ule mstari wa mama yako mdogo umeuona?" aliniuliza. "Ule wa kwanza, kabla hawajauharibu na kamati yao. Ulikuwa safi. Umezunguka uzio wangu, umefuata ukingo, hakuna jirani aliyeguswa. Wengine wangekata hovyo." Alitikisa kichwa. "Ana mkono mzuri. Angekuwa ofisini kwangu ningempandisha cheo."

Nilirudi nikawasimulia, kwa sababu waliuliza alisema nini. Mama mdogo alikuwa anakula. Akasukuma sahani.

"Amenisifu?"

"Ndiyo."

"Aniombe radhi, au anilaani. Kimoja kati ya hivyo. Nani kampa ruhusa ya kunisifu?"

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akaacha kushona, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Mama mdogo hakucheka. Alitoka akasimama kibarazani karibu na miche yake ya nyanya, uso ameuelekeza upande wa korongo. Nilitaka kumfuata, mama akanishika mkono, akaniambia nimwache.